Hewa ya Mgongoni

Moshi wa mabua mabichi ya ngano hauna haraka. Unakuja mweupe, unajinyoosha, kama ukungu unaoshuka asubuhi kutoka ukingo wa Kreta ukaingia Karatu bila hodi, ukalala juu ya mashamba na mabati mpaka jua liubembeleze utoke. Ukiwa ndani ya moshi ule umevaa maski ya mpira, mtungi wa hewa mgongoni, unasikia kitu kimoja tu duniani: pumzi yako mwenyewe. Inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Halafu unaanza kuota. Mimi niliota sana mle ndani, macho wazi, nimepiga magoti. Nilimwona marehemu babu akipita mbele yangu na mbuzi wake, wala hakunigeukia, kama mtu anayewahi mnadani.

Nilimwona babu kwa sababu tulikuwa nyumbani kwake.

Tulikuwa tunachimba mawe ya kijani huku chini, mteremko unaoangalia Ziwa Eyasi. Mgodi mdogo tu. Nguzo za miti, kamba, ndoo, na vibatari vya mafuta ya taa. Mchana mmoja kibatari kikaangukia magunia, magunia yakashika, nguzo zikashika, moshi ukatafuta njia ya kutokea, na njia ilikuwa moja, ile ile ya watu. Wawili hawakutoka. Mmoja wao alikuwa mtu wa rika moja na rafiki yangu, Mmaasai wa Nainokanoka, kule juu ukingoni mwa Kreta. Walitahiriwa pamoja, walikuwa morani pamoja, waliacha ng'ombe pamoja wakashuka kutafuta mawe. Rafiki yangu alikuwa juu siku ile. Alimsikia mwenzake akigonga jiwe kwa jiwe kule chini, na alitaka kuingia hivyo hivyo na shuka lake. Tulimlaza chini watu watatu tukamkalia. Mimi nilikaa kifuani. Nilisikia moyo wake ukinigonga makalioni na jiwe likigonga ardhini, mpaka nikawa sijui kipi ni kipi. Halafu kimoja kikanyamaza.

Wakubwa wakaufunga mgodi. Wakasema hashuki mtu mpaka kipatikane kikosi cha uokoaji, watu watano waliofundishwa wakafundishika. Akaja mwalimu kutoka migodi ya makaa ya kusini, mzee mfupi mwenye kikohozi, na Landrova iliyojaa mitungi, maski na kamba. Vijana tukajipanga. Wengine walitaka buti. Mimi nilitaka kujua ile mitambo inavyofanya kazi, maana shule niliishia la saba, na kila ninachokijua nimekifungua mwenyewe kwa bisibisi. Rafiki yangu alitaka kitu kimoja tu: siku nyingine mtu akigonga jiwe chini, yeye awe mmoja wa wale watano wanaoingia. Mwalimu alimtazama kifua kile, akamchukua. Akanichukua na mimi, na mpiga baruti wa mgodi wetu awe kiongozi, na wengine wawili.

Sasa utafundishia wapi moto wa chini ya ardhi? Mgodini hairuhusiwi. Mwalimu alizunguka siku nzima akitafuta shimo, ndipo nikamwambia, mzee, nyumbani kwa bibi yangu kuna nyumba ya shimo.

Wambulu wa zamani walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa likawa sawa na ardhi, ukipita juu hujui kama unakanyaga sebule ya mtu. Ya babu ilikuwa na njia ndefu kwa nyuma, inapinda mara mbili, giza tupu. Walikuwa wanaficha ng'ombe mle Wamaasai wakija kuteka. Bibi alikuwa anahifadhia mahindi na mbuzi tu. Nilipomletea kikosi uani, alimtazama rafiki yangu kuanzia makatambuga mpaka masikio, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mjukuu wangu, nyumba hii babu yako aliichimba kuwakimbia hawa. Leo unamwingiza kwa mkono wako?"

"Bibi, amekuja kujifunza kuokoa watu."

"Ng'ombe je?"

"Ng'ombe hakuna tena bibi, tuna mbuzi."

"Basi aingie," akasema. "Mbuzi nimewahesabu."

Rafiki yangu akainama amsalimie, akamwekea kichwa kama mtoto, kwa heshima ya kwao. Bibi akasita, halafu akamgusa utosini. Toka siku ile akawa anamwita mwizi wangu. Mwizi wangu amekula? Mwizi wangu mbona amekonda?

Mwalimu alifundisha polepole. Kwanza bila moshi, kutambaa tu gizani, kila mtu ameshika mkanda wa aliye mbele, kamba moja imetupitia wote na ncha yake inashikwa na kijana mmoja nje mlangoni. Kuvuta mara moja ni simama. Mara mbili, tunaendelea. Mara nyingi mfululizo, tutoeni. Siku zilizofuata tukachoma mabua mlangoni, na njia ya babu ikageuka kuwa nchi nyingine. Ukuta unaoujua tangu utotoni unaugusa, unakuwa ubavu wa mnyama. Mpindo wa kwanza ulikuwa unasogea, wallahi, kila siku ulikuwa mahali pengine. Tukitoka nje tunavua maski, tunakuta jua, kuku, wake za wajomba wanapepeta, na tunashangaa kwamba ni mchana ule ule.

Sheria ya mwalimu iliyozidi zote ilikuwa moja. Kwenye mtungi kuna filimbi ndogo. Hewa ikikaribia kuisha, inalia yenyewe. Filimbi ya mmoja ikilia, wote mnageuka, mnatoka pamoja. Na hakuna, narudia, hakuna kuvua maski kumpa mwenzako.

"Hewa ya mgongoni kwako haigawanywi," alisema. "Ukiigawa mnakufa wawili. Nimeshawabeba wawili wawili mimi. Sitaki kuwafundisha kwa maneno mengi."

Tulisema ndiyo mzee. Rafiki yangu naye alisema ndiyo. Lakini nilimwona anatazama chini.

Hapa lazima nieleze, maana huyu mtu alikuwa hawezi kunywa peke yake. Kwao morani hanywi maziwa bila mwenzake wa rika kuwepo. Hata awe na kiu ya siku nzima ya machungani, anakaa na kibuyu kando, anangoja. Kunywa peke yako ni aibu, ni tabia ya fisi. Hatoki kwenye kifungo hicho mpaka rika zima lifanyiwe sherehe yake, na yeye alishuka mgodini kabla ya sherehe. Akaihamishia desturi hiyo kwenye chai. Na baada ya ule moto, nafasi ya yule aliyekufa akaniwekea mimi. Hakuniuliza, aliniwekea tu. Nikichelewa hotelini kwa Msomali pale stendi, namkuta amekaa mbele ya kikombe kilichoota ngozi.

"Bwana mkubwa, chai imekufa hiyo," Msomali anamwambia. "Unamngojea mkeo?"

"Namngojea huyu."

"Huyu anaongea sana. Kunywa upate raha kidogo kabla hajaja."

Nilitaka kupigana na Msomali mara mbili kwa ajili ya maneno yale. Mtu akimcheka rafiki yangu mbele yangu, damu yangu inapanda hata kama na mimi nacheka.

Basi siku ya kujaribiwa mara ya kwanza, moshi ukiwa mzito kama uji, tulifika mpindo wa pili na filimbi yangu ikalia. Yangu! Mitungi ilijazwa sawa, lakini mimi nilikuwa naongea ndani ya maski. Sijui kunyamaza. Nilikuwa nawaambia walio mbele hapa pana jiwe, hapa babu alikuwa anafunga dume jekundu, inama, inama zaidi. Mwenye mdomo anakula hewa ya watu wawili. Filimbi ikalia kwa sauti nyembamba, na nikahisi mkono mkubwa umenishika bega, umenigeuza. Nikawasha tochi. Katikati ya ule weupe nikauona uso wake mtupu. Amevua maski. Ameishika mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni kibuyu, na macho yake yanatiririka machozi, na anatabasamu.

Kwa kweli sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilikitazama kama ndoto, nikasahau hata filimbi yangu.

Mwalimu, aliyekuwa nyuma yetu, hakusahau. Alimbandika maski usoni kwa nguvu, akavuta kamba mfululizo, tukatolewa kama mizigo. Nje rafiki yangu alikohoa mpaka akapiga magoti. Mwalimu akasimama juu yake.

"Wewe umekufa," akamwambia. "Na huyu mwenye mdomo amekufa. Na hawa watatu wamekufa wakiwatafuta. Vua mtungi. Huna kikosi."

"Mzee..." kiongozi akaanza.

"Avue."

Mimi nikalipuka. Nilimwambia mwalimu maneno ambayo bibi alifunga mlango asiyasikie. Nilimwambia huko kusini labda watu wanaachana, huku hatuachani. Nilivua mtungi wangu nikauweka miguuni pake, nikamwambia ukimtoa huyu umenitoa na mimi, tafuta wengine wasio na roho.

"Mitungi yote miwili irudi kwenye gari," mwalimu akasema, akakohoa, akaondoka. Hakupandisha hata sauti. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Rafiki yangu hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa juu ya paa la nyumba ya babu, yaani kwenye majani tu, mbuzi wanamzunguka.

"Filimbi yako ililia kama ndama," akaniambia. "Mimi nimebeba hewa, imejaa, na wewe unalia. Nitaimezaje?"

"Hewa si maziwa, ndugu yangu."

"Imefungwa kwenye chombo. Ina mwenyewe. Inaisha. Niambie tofauti."

Halafu akasema polepole, "Asiponirudisha, atakayegonga jiwe nitamsikia tena nimekaa nje." Ndipo nikaelewa kwamba nilidhani nimemsaidia kwa kuutupa mtungi wangu, kumbe sijamsaidia kitu.

Akasema anakwenda kwao, akawaulize wenzake wa rika kama wanaweza kumfungulia kile kifungo. Nikasema tunakwenda.

Tulipata lori la mbao mpaka juu kwenye geti la hifadhi, kisha tukafuata ukingo kwa miguu. Ukungu ulikuwa umekaa. Miti yenye ndevu inatokea, inakutazama, inarudi. Mara ukungu unapasuka upande mmoja, unaona Kreta chini kabisa, kijani, lile ziwa la magadi kama sahani iliyosahauliwa, na nukta ambazo ni nyati. Halafu mlango unafungwa, unabaki na buti zako. Nilikuwa naongea ili nisiogope. Yeye alikuwa anatembea kama mtu anayeenda chumba cha pili kuchukua kitu. Nilihisi tena ile pumzi ya ndani ya maski, inaingia, inatoka, na nikawaza labda nchi nzima huku juu ni moshi ambao watu wameuzoea.

Bomani kwao tulipokelewa vizuri. Asubuhi, wenzake wa rika wakaja, wanne, mashuka mekundu yameloa umande, wakachuchumaa kando ya zizi na tukawaeleza. Nilieleza mimi, kwa Kiswahili, naye akaweka Kimaasai pale nilipozidisha chumvi. Wakaanza kubishana kama bunge.

"Hewa ni ya Mungu. Hewa haina rika."

"Iliyo nje ndiyo ya Mungu. Ya kwenye mtungi ni ya mtu."

"Ina kifuniko?"

"Ina kifuniko," nikasema.

"Basi ni maziwa! Amefanya sawa."

"Amefanya sawa na amefukuzwa."

"Huyo mzee wa kusini ana rika gani?"

"Hana."

"Ndiyo maana."

Walifurahi, wakampiga mgongoni, wakamwambia yeye ni mwanaume kamili. Na kila walivyomsifu ndivyo uso wake ulivyozidi kuanguka, maana sifa ile ilikuwa inamfungia mlango. Kumfungulia peke yake hawawezi, wakasema. Rika linafunguliwa zima.

Dada yake alikuwa anakamua hatua chache tu kutoka pale. Mama mtu mzima, mtoto mgongoni, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, kibuyu katikati ya magoti. Upande wa pili wa ng'ombe yule yule ndama ananyonya. Alikuwa amesikia yote bila kugeuka. Akasema kwa Kimaasai, na rafiki yangu akanigeuzia kwa Kiswahili taratibu, kama anasoma:

"Nyinyi wanaume mtabishana mpaka maziwa yagande. Hizi chuchu za huku nakamua mimi. Za kule ni za ndama. Kuna siku umeniona nakugawia za ndama?"

Mmoja akacheka. "Hapana, mke wa watu."

"Hata ulie njaa?"

"Hata nilie."

"Hiyo hewa mnayobeba mgongoni, mnaibeba mkanywe?"

Rafiki yangu akasema wanaibeba wakamtoe mtu aliyelala ndani.

"Basi ni ya aliyelala ndani. Wewe unambebea tu. Umemgawia mwenzako za ndama." Akageuza shingo akanitazama mara ya kwanza, mimi na buti zangu. "Na huyu siyo ndama. Huyu ni dume, analia kwa kelele zake mwenyewe."

Wale wanne walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikasirika, nikataka kujibu, nikamtazama rafiki yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yule ndama, povu limejaa midomoni, mkia unacheza, na mabega ya rafiki yangu yalikuwa yameshuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miguu ya ng'ombe.

Tuliporudi Karatu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, nyumba ya wageni. Alinizuia nisiingie. Nilisimama nje nikasikia sauti nzito na kikohozi, nzito na kikohozi. Mwalimu akatoka, akanitazama.

"Mara moja tena," akasema. "Wote wawili. Na wewe ufunge huo mdomo."

Safari hii aliweka gunia la mchanga mwisho kabisa wa njia ya babu, akalivika shati kuukuu la kazi. Huyo ndiye majeruhi. Bibi alikuja kukaa mlangoni na kigoda chake, akamwambia, mwizi wangu, usinichafulie mahindi.

Moshi ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Tulikwenda kwa vidole. Nilifunga mdomo, na kwa sababu nimeufunga, vyote vilivyokuwa vinatokea kwa mdomo vikaanza kuniingia kichwani: babu na mbuzi, jiwe linagonga, dume jekundu, jiwe. Tulilipata gunia, tukalifunga kwenye machela, tukageuka. Mimi na rafiki yangu tulikuwa nyuma ya machela, mwalimu nyuma yetu. Kwenye mpindo wa pili nikasikia jiwe kwa jiwe, wazi kabisa, nikajua ni moyo wangu, na kujua hakukunisaidia. Nikaanza kuhema kama mbwa. Filimbi yangu ikalia.

Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda usoni kwa rafiki yangu. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe kutafuta ile maski, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unajua kwamba yupo mtu mmoja hapa duniani ambaye atanipa.

Akaudaka. Akaukunja chini, akaubana kwapani kwake, kwa nguvu ile ile anayombania mbuzi wa kuchinjwa. Nilivuta, hakulegea. Mkono wake mwingine haukuiachia machela. Aliweka maski yake karibu na maski yangu mpaka vioo vikagusana, nikayaona macho yake, makavu, yananitazama bila huruma na bila kuondoka. Alikuwa anapumua polepole. Inaingia, inatoka. Bila kutaka nikaanza kumfuata. Akanitembeza hivyo, mimi kwapani, gunia mbele, filimbi inalia njia nzima, mpaka weupe ukawa wa manjano, ukawa jua.

Mwalimu alitoka wa mwisho. Akavua maski, akafuta jasho. Alikuwa ameona kila kitu.

"Wewe," akamwambia rafiki yangu, "uko kwenye kikosi. Utashuka nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi." Akanigeukia. Nikajiandaa kugombana. "Wewe huwezi kushuka. Hewa inakumaliza. Lakini nje ya mgodi panatakiwa mtu wa kushika kamba asiyetoka pale hata mvua ya mawe ikinyesha, hata aambiwe wote wamekufa. Nimefundisha wengi, mtu huyo simpati kirahisi."

"Nitashika," nikasema.

Rafiki yangu alikuwa anajinawisha uso, bibi anammiminia maji kwa kata. Hakunitazama. Kiganja changu kilikuwa kimevimba alipokibana.

Mgodi ulipofunguliwa, kikosi kilishuka kwanza peke yake kukagua mahali palipoungua. Ilikuwa asubuhi nyeupe, Eyasi haionekani, hata mti wa jirani hauonekani. Wachimbaji wengine walisimama mbali, kofia mkononi, kwa ajili ya wale wawili waliokufia mle. Rafiki yangu alikagua geji yake ya hewa, akakagua ya kiongozi, akaingia bila kugeuka. Ukungu na giza la shimo vilikuwa vimekutana pale mlangoni, nikawa sijui aliingia kwenye kipi.

Mimi nikakaa chini, nikajizungushia kamba kiunoni, nikaanza kuongea. Sikumwongelesha mtu. Niliongea na lile shimo, kuhusu mnada, kuhusu bei ya mahindi, kuhusu bibi na mbuzi wake, chochote, maana juu huku hewa ni ya bure na nilikuwa nayo tele. Kamba ikanivuta mara mbili: tunaendelea. Nikailegeza, nikaendelea.